Fundi Aliyeshinda Mbio za Safari

Juzi nilipanda bodaboda kutoka katikati ya jiji la Nairobi nikielekea mtaa wa Shauri Moyo. Kabla hatujafika soko la Burma, mnyororo wa pikipiki ulichomoka. Kijana aliyeniendesha alishika kiuno, akautazama kwa muda, kisha akaanza kuisukuma pikipiki kuelekea kwa mafundi wa Kamukunji. Nilipomuuliza kwa nini asiurudishe mwenyewe, alinijibu bila kusita: "Hiyo ni kazi ya fundi, mwalimu. Yangu ni mwendo." Akaongeza kwamba laiti angekuwa na pikipiki mpya, hapana mwendeshaji wa Eastlands ambaye angemfikia.

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno ya kijana yule yalinikumbusha mtu ambaye vijana wetu wengi hawamjui, ingawa zamani jina lake lilitajwa kila Pasaka katika Afrika Mashariki nzima. Mtu huyo ni Joginder Singh.

Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932. Baba yake alikuwa Singasinga aliyetoka Punjab, akafungua karakana ya magari katika mji huo wa majani ya chai. Humo ndimo mwana alimoanza kushika spana. Baadaye alifanya kazi ya doria katika chama cha wenye magari, akizunguka barabarani kuwaokoa waliokwamiwa. Mtu wa namna hiyo hukutana na kila aina ya ubovu, tena mahali pasipo duka la vipuri wala mtu wa kumwuliza. Mashindano ya magari aliyaanza akiwa na umri wa miaka 26 hivi, tayari fundi kamili.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hili, hana budi kukumbuka mbio za Safari za enzi hizo zilikuwaje. Zilianzishwa mwaka 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita usiku na mchana, aghalabu wakati mvua za masika zimekwisha kuzigeuza barabara kuwa matope. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Kushinda kulianza na kufika, na kufika kulimtaka dereva alisikilize gari lake kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa.

Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant waliingia mashindanoni kwa Volvo PV544. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia, naye akalinunua. Gari hilo kuukuu ndilo lililoshinda. Mwaka 1974 alishinda tena, safari hii kwa Mitsubishi Lancer akiwa na David Doig, na ushindi huo ukawa wa kwanza kwa kampuni hiyo katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1976 wawili hao walirudia, na Joginder akawa mtu wa kwanza kuzishinda mbio za Safari mara tatu. Katika mara 22 alizoshiriki, alifika mwisho mara 19. Mimi naistahi hesabu hii ya mwisho kuliko vikombe vyenyewe. Alifariki London mwaka 2013.

Huenda msomaji akasema kwamba Joginder alizaliwa na karakana nyumbani, na kwamba utawala wa kikoloni ulimpa Mhindi nafasi ambayo Mwafrika alinyimwa. Ni kweli, wala sipendi tulisahau hilo. Lakini ujuzi ule haukubaki mikononi mwa Wahindi. Wataalamu waliochunguza historia ya jua kali wameeleza jinsi Waafrika waliofanya kazi chini ya mafundi wa Kihindi walivyojifunza ufundi wa chuma, wakafungua vibanda vyao wenyewe, wakawafunza wengine. Nyundo tunazozisikia zikilia Kamukunji, hatua chache kutoka Shauri Moyo, zikigeuza mapipa kuwa masanduku, majiko na karai, ni mwangwi wa mafunzo hayo.

Kwa nini basi kijana wangu alilitamka neno "fundi" kana kwamba ni mtu wa daraja la chini? Hapa naomba nizungumze kama mwanaisimu. Neno hilo ni la ukoo mmoja na kitenzi "kufunda", yaani kumpa mtu mafunzo. Humo humo wamo "fundisha", "funza", "mafunzo" na "mwanafunzi". Katika lugha yetu, fundi na mwanafunzi ni watoto wa nyumba moja. Aliyewatenganisha si Kiswahili. Ni sisi walimu.

Nasema sisi kwa sababu nami nimo. Zaidi ya mara moja nimemwambia mwanafunzi mzembe kwamba asipobadilika ataishia gereji. Darasa lilicheka, nami nikajiona nimetoa nasaha. Kumbe nilikuwa nikiwafunza vijana 40 kudharau mikono ya wazazi wao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliingiza useremala, uashi na ufundi wa chuma shuleni, lakini shule nyingi hazikuwa na vyombo, na masomo hayo yakafifia. Sasa Mtaala wa Umilisi unatuahidi mikono yenye ujuzi. Ahadi hiyo itafifia vilevile iwapo mwalimu ataendelea kuitaja karakana kama jehanamu ya walioanguka mtihani.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba hili ni jambo la heshima tu. Asiyejua mnyororo wake umelegea hajui pia kwamba breki yake imekwisha, na anambeba mama wa watu mgongoni mwake. Mwendo bila ujuzi wa chombo si ubingwa, ni kucheza kamari na roho ya mwingine.

Mnyororo wetu ulirudishwa kwa dakika chache na fundi wa makamo mwenye mikono iliyojaa grisi. Nilimwomba amwonyeshe kijana namna ya kuukaza. Kijana alisitasita, kisha akachuchumaa, akaishika spana. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu gurudumu lilizunguka sawasawa, naye akalizungusha tena na tena kwa kidole, akilisikiliza. Nilichelewa nilikokuwa nikienda, wala sikujali.