Homoni na Maandalizi ya Mji wa Mimba

Tangu mwaka 1984, alipozaliwa mjini Melbourne, Australia, mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa, matabibu wameweza kukihifadhi kiinitete katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa miezi na hata miaka; lakini uhodari huo wote haufui dafu iwapo mji wa mimba haukuandaliwa kukipokea.

Kwa desturi ya maumbile, ovari ipevushapo yai hutoa estrojeni, nayo huunenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba. Na yai likisha kutoka, kijifuko kilichobaki nyuma yake hutoa projesteroni, inayougeuza utando huo uwe tayari kupokea. Tabibu huufuata utaratibu huohuo kwa dawa. Aghalabu mwanamke huanza vidonge vya estrojeni siku ya 2 au ya 3 ya hedhi, akaendelea navyo kwa majuma mawili hivi, hata kipimo cha ultrasaundi kionyeshe utando uliofikia milimita 7 au zaidi, wenye mistari mitatu iliyo dhahiri katika kioo cha mashine.

Hapo ndipo huongezwa projesteroni, ama kwa vidonge vya kuweka ukeni, ama kwa sindano ya dawa ya mafuta ichomwayo takoni, na hesabu yake ni ya siku na saa. Kiinitete kilichokuzwa maabara kwa siku 5 hupandikizwa kwa kawaida baada ya siku 5 kamili za projesteroni, kwa sababu umri wake na hali ya utando sharti vilingane, na wasaa wa kupokea ni mfupi. Basi aliyekosea siku au saa ya kuanza dawa hii asinyamaze kwa haya, bali amwarifu tabibu mara moja, maana siku ya kupandikiza yaweza kusogezwa.

Na maadamu katika njia hii yai halikupevuka, kile kijifuko hakipo. Mimba ikishika, huitegemea dawa mpaka kondo la nyuma lishike kazi, na ndiyo sababu dawa huendelezwa hadi wiki ya 10 au ya 12. Mwanamke aonaye matone ya damu, akakata tamaa na kuacha dawa kabla ya kipimo cha damu, huenda akaipoteza mimba ambayo ingesalimika.

Hata hivyo, njia hii haimfai kila mtu. Utafiti wa miaka ya karibuni umeihusisha na ongezeko la shinikizo la damu la ujauzito, na estrojeni ina hatari kwa aliyepata kuganda damu mishipani. Kwa hiyo, mwenye maradhi hayo na ayataje mapema, na mwenye hedhi isiyobadilika amwulize tabibu wake kama mzunguko wake wa asili hautoshi. Kisha, njia ikisha kukubaliwa, dawa isiachwe ila kwa kauli ya tabibu.