Mwenzi wa Ndoa Akirudi Nyumbani Baada ya Kiharusi



Mtu akipatwa na kiharusi, watu wengi huja. Wapo wa kumbeba, wapo wa kumpeleka hospitali, na wapo wa kukesha naye. Lakini akiisha kurudishwa nyumbani, wageni hupungua siku kwa siku, hata wakabaki wawili, mume na mkewe, mmoja amelala na mmoja amesimama. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Mwezi huu twapenda kusema juu ya kazi hiyo, yaani majuma na miezi ya kwanza nyumbani, kwa kuwa wengi huingia humo bila kufundishwa, na upendo usiofundishwa waweza kudhuru.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Kiharusi si pepo, wala si jini, wala si kazi ya jirani mwenye husuda. Ni ugonjwa wa mishipa ya damu katika ubongo. Mara nyingi damu huganda na kuziba mshipa. Mara nyingine mshipa hupasuka, damu ikamwagika ndani. Kwa njia zote mbili sehemu ya ubongo huharibika. Upande wa kushoto wa ubongo hutawala mkono na mguu wa kulia, na upande wa kulia hutawala wa kushoto. Ndiyo sababu mtu hupooza upande mmoja. Chanzo kikubwa kuliko vyote ni presha ya damu iliyopanda, nayo yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mwenyewe kusikia maumivu yo yote. Wala si nyumba moja tu iliyopigwa. Kati ya 2003 na 2006 wataalamu walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika sehemu za Hai na za Dar es Salaam, huko Tanzania, wakawaona wengi mahali pote pawili, na mjini karibu mara tatu kuliko shambani, kwa idadi ya watu iliyo sawa na yenye umri ulio sawa. Basi mwenye kumpeleka mgonjwa wake kwa mpiga ramli ili atajiwe adui, hupoteza fedha, na tena hupoteza siku, nazo siku ndizo zilizo na thamani.

Kwa nini siku zina thamani? Kwa sababu sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, lakini sehemu zilizo hai zaweza kujifunza kazi ya ile iliyokufa, nazo hujifunza kwa upesi zaidi katika miezi ya kwanza. Hata baadaye zaendelea kujifunza, ila polepole. Tena hujifunza kama mtoto wa shule ajifunzavyo kuandika, yaani kwa kufanya jambo lile lile mara nyingi. Walimu mwajua: mwanafunzi ambaye ndugu yake humwandikia kila siku hatajua kuandika. Vivyo hivyo mgonjwa anayefanyiwa kila kitu hajifunzi kitu. Mke mwenye bidii humlisha mumewe kwa kijiko, humvika, humjibia salamu, na watu wote humsifu; lakini miezi inapita, na mkono ule umelala pale pale. Basi neno letu ni hili: usimfanyie mwenzi wako jambo awezalo kulifanya mwenyewe, hata akikawia, hata akimwaga uji kifuani. Msaidie lile asiloliweza, kisha ngoja.

Mwaka 1868 Louis Pasteur, mtaalamu mkuu wa Ufaransa, alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 45, na upande wake wa kushoto ukapooza. Siku chache baadaye, naye yu kitandani, alikuwa akitamka habari za kazi yake, na mwingine akiziandika. Mkewe Marie, waliyeoana naye mwaka 1849, alikuwa mwandishi na msaidizi wake katika kazi zote. Mkono na mguu wake havikupona kabisa mpaka kufa kwake mwaka 1895. Lakini nyumba ile haikumwondolea kazi yake. Na mwaka 1885, miaka 17 baada ya ugonjwa, yeye ndiye aliyeongoza kuchanjwa kwa mtoto Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, akaokoka.

Sasa tuseme mambo ya kila siku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na ngozi yake itazamwe visiginoni, nyongani na matakoni, ili asipate vidonda. Mkono uliolegea uwekwe juu ya mto. Usimwinue kwa kuuvuta mkono huo, maana misuli haikishiki tena kiungo cha bega, nacho hutoka mahali pake kwa urahisi na kuleta maumivu ya muda mrefu. Wala msiukande kwa maji ya moto sana, wala msiuchanje kwa wembe. Ngozi isiyosikia huungua na mwenyewe asijue.

Katika kuvaa, mkono mnyonge uingie kwanza katika shati. Katika kuvua, mkono wenye nguvu utoke kwanza. Ni jambo dogo, lakini kwa kanuni hiyo wengi wameweza kujivika wenyewe. Akianza kusimama, simama upande wake mnyonge. Na fimbo aishike kwa mkono wenye nguvu. Ondoeni njiani mkeka unaokunjamana na vyombo vya kukwaza.

Katika kula, aketi wima, apewe kidogo kidogo, na akiisha kula akae hivyo nusu saa. Akikohoa kila anywapo maji, au sauti yake ikiwa kama ina majimaji baada ya kumeza, acheni kumpa, mkawaeleze wauguzi. Maana chakula kiingiacho katika mapafu huleta homa kali ya kifua. Mara nyingi kitu kizito kidogo, kama uji, humezwa kwa usalama kuliko maji. Usimlishe kamwe akiwa amelala chali.

Juu ya usemi. Mwaka 1861 daktari Broca wa Paris alieleza habari za mtu aliyeweza kutamka neno moja tu, «tan», naye alifahamu karibu yote aliyoambiwa. Alipokufa, daktari aliona sehemu iliyoharibika mbele katika upande wa kushoto wa ubongo. Basi tujue kwamba kupoteza usemi si kupoteza akili. Msiseme juu ya kitanda cha mgonjwa kana kwamba hayupo. Msigawanye shamba lake mbele ya masikio yake. Muulize neno moja kwa wakati mmoja, lile linalojibika kwa ndiyo au siyo, kisha nyamaza mpaka alitafute jibu lake. Tena liko jambo la kustaajabisha: mtu asiyeweza kulitaja jina la mtoto wake, mara nyingi aweza kuuimba wimbo alioujua tangu ujana, maneno yakatoka mazima. Kwa hiyo sala ya jioni isifanyike chumba kingine ili «asisumbuliwe.» Mleteni katikati. Kama ndiye baba wa nyumba, aanzishe wimbo; na kama hawezi ila Amina, basi Amina ya nyumba ile iwe yake, na watoto wamngojee mpaka aitamke.

Msishangae akilia au akicheka pasipo sababu, au akiwa mwepesi wa hasira, au akichoka mapema na kutaka usingizi mchana. Hayo hutoka katika ubongo ulioumia, wala si utoto wala si ukaidi. Lakini akikaa siku nyingi hataki kula, hataki watu, na kusema afadhali afe, mpelekeni kwa daktari, maana huzuni hiyo nayo ni ugonjwa wenye dawa.

Juu ya dawa. Wengi huacha dawa ya presha wakijiona wazima, na kiharusi cha pili huwakuta hapo. Dawa isiachwe ila kwa neno la daktari. Chumvi ipunguzwe, tumbako na pombe viachwe, presha ipimwe mara kwa mara. Msimpe aspirini kwa shauri la jirani, kwa kuwa yamfaa aliyezibwa mshipa, bali yaweza kumdhuru aliyepasukiwa. Na siku yo yote uso ukipinda upande mmoja, au mkono ukianguka, au maneno yakivurugika kwa ghafula, itazameni saa, mkaende hospitali pale pale, msingoje asubuhi.

Mwisho, twasema na wazima. Wapo waume waonao haya kumwosha mke wao, kumpeleka chooni na kumpikia uji. Hivyo humwondoa binti shuleni afanye kazi hiyo. Ndugu, ahadi ile tuliyoiweka mbele ya madhabahu haikuchagua siku za afya tu, wala haikuwekwa na binti yako. Bwana wetu aliwaosha wanafunzi wake miguu. Nani aliye mkubwa kuliko yeye? Nanyi walimu, mwanafunzi akikosa kuja majuma mawili, enendeni nyumbani kwao, mkaone nani amelala kitandani.

Wala mwenye kutunza asiachwe peke yake. Asiyelala usiku huanza kuugua naye, na uchungu huingia katika maneno yake. Twakumbuka habari ya yule mwenye kupooza katika Injili, aliyeletwa na watu wanne, wakatoboa dari. Mmoja asingaliweza. Basi kila mtaa wa kanisa uchague wanne wake: mmoja ateke maji, mmoja alete kuni, mmoja aketi usiku ili mwenzi alale, na mmoja amtembeze mgonjwa jioni, hatua tano leo, sita kesho. Tukifanya hivyo, hata yule ambaye mkono wake hautarudi atajua kwamba mahali pake katika nyumba na katika kanisa hapakupotea. Mungu awatie nguvu wote wenye kutunza.