Majibu ya vipimo vya mwanao yasibaki kwenye kompyuta ya steshenari

MZAZI anaingia steshenari mjini Tunduma akiwa na majibu ya vipimo vya binti yake kwenye simu. Anayatuma, kijana wa pale anayafungua kwenye kompyuta, karatasi inatoka, mzazi analipa na kuondoka.

Anachosahau ni kwamba kompyuta ile bado inakumbuka. Mteja anayefuata, ambaye huenda ni jirani yake, anaweza kuliona jina la faili kwenye orodha ya vilivyofunguliwa karibuni. Mara nyingi jina hilo ni la mtoto mwenyewe, pamoja na aina ya kipimo.

Katika mji wa mpakani kama Tunduma, ambako watu huenda na kurudi Nakonde upande wa Zambia, mashine moja inaweza kupitiwa na wasafiri, madereva wa malori na wanafunzi kwa siku moja.

Kompyuta ya zamani yenye Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020, huhifadhi kumbukumbu hizo ili kumrahisishia mtumiaji kazi. Hata kisanduku cha Run, kinachofunguka kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, hutunza amri na anwani za mafaili zilizoandikwa humo.

Kuzifuta si kazi ngumu. Bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi kwenye mstari wa chini wa skrini, chagua Properties, kisha Start Menu. Chini ya neno Privacy kuna visanduku viwili vyenye alama ya tiki. Ondoa tiki zote mbili, bonyeza Apply, kisha OK. Orodha itafutika, na amri za Run pia. Ukitaka kompyuta iendelee kukumbuka kazi mpya, rudisha tiki.

Lakini mzazi asijidanganye: kufuta orodha si kufuta faili. Majibu yenyewe bado yamo, mara nyingi kwenye folda ya Downloads. Lichague faili, bonyeza Shift na Delete kwa pamoja, ili lisipitie kwenye kapu la taka. Kama ulifungua baruapepe au WhatsApp kwenye mashine hiyo, hakikisha umetoka kabla ya kunyanyuka kwenye kiti.

Kwa kuwa kompyuta ni ya mwenye duka, mwombe afute mbele yako. Usione haya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti.

Nyumbani nako kuna la kufikiria. Binti aliyesoma kuhusu hedhi kwenye kompyuta ya familia, kisha akafuta orodha, si lazima awe na jambo baya analoficha. Huenda anaogopa kuchekwa na kaka zake. Mzazi amuulize kwa upole kabla ya kushika fimbo.

Kijana ambaye siri yake imevuja mtaani anaweza kuogopa kurudi kliniki, hata pale anapohitaji dawa. Dakika mbili za kufuta zinaweza kumwepusha na hilo.