MADIRISHA YANAYOSOMWA KUANZIA CHINI

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawaletea habari za kitabu kimoja cha picha tulichokikuta ndani ya boksi la vitabu vya msaada. Kimeandikwa Kifaransa, na kwa vile baadhi yetu tulikisoma sekondari, tukajikongoja nacho hadi mwisho. Kinahusu madirisha ya vioo vya rangi ya Kanisa Kuu la Chartres, mji ulioko kama kilomita 90 kutoka Paris, nchini Ufaransa.

Kanisa hilo liliungua mwaka 1194. Wakalijenga upya, na madirisha mengi yaliyopo yalitengenezwa kati ya mwaka 1200 na 1235 hivi. Yako 176. Si mchezo! Sisi tuliozoea mwanga wa jua unaopenya kwenye turubai tulibaki kushangaa tu.

Kioo chenyewe ni mchanga na majivu ya kuni, vinayeyushwa kwa moto mkali sana. Wakitia kobalti kinakuwa cha bluu, wakitia shaba kinaweza kuwa chekundu. Fundi anakata vipande, anachora nyuso na mikunjo ya nguo kwa rangi nyeusi, anavichoma tena ili mchoro ushike, kisha anaviunganisha kwa risasi. Watoto darasani waliposikia neno hilo wakatukodolea macho, ikabidi tueleze kwamba siyo ya bunduki, ni madini laini yanayopindika. Ukisimama nje mchana huoni kitu, dirisha ni jeusi tu. Ni mpaka uingie ndani.

Watu husema madirisha haya yalikuwa Biblia ya wasiojua kusoma. Sisi tunakubali nusu. Mengine yako juu mno, na bila mtu wa kukusimulia utaona rangi tu. Tena mengi yanasomwa kuanzia chini kwenda juu, kinyume na kitabu.

Chukua dirisha la Msamaria Mwema. Chini kabisa wamechorwa mafundi viatu wakiwa kazini, maana ndio wanaohesabiwa kuwa walilitoa. Juu yao msafiri anatoka Yerusalemu, anavamiwa na wanyang'anyi, kuhani na Mlawi wanampita, Msamaria anamfunga vidonda na kumpeleka nyumba ya wageni. Hapo sisi tulidhani imekwisha. Lakini ukipanda juu zaidi unakuta Adamu na Hawa! Tulifikiri waliochapa kitabu wamekosea kurasa. Kumbe ni makusudi. Walimu wa kanisa wa zamani walifundisha kwamba yule msafiri ni Adamu, yaani sisi wanadamu, tuliotoka Edeni tukapigwa na dhambi njiani. Msamaria ni Yesu, na nyumba ya wageni ni kanisa. Hadithi mbili kwenye dirisha moja, ya juu ikiifafanua ya chini.

Picha iliyowachekesha wanafunzi ni ile ya Wainjili wanne wamekaa mabegani mwa manabii wanne: Mathayo juu ya Isaya, Luka juu ya Yeremia, Yohana juu ya Ezekieli, Marko juu ya Danieli. "Mwalimu, wazee wazima wamebebwa kama watoto!" Tukawauliza, mtoto akiwa begani kwa baba yake, nani anaona mbali? Wakanyamaza kidogo, halafu mmoja akasema ni mtoto, lakini baba akichoka wote wanaanguka. Hatukuwa na jibu la kuongeza.

Kuna jambo lingine halikutuacha. Mwaka 1939, vita ilipokuja, madirisha haya yaliondolewa kipande kwa kipande, yakafungwa kwenye maboksi na kupelekwa mbali. Vita ilipoisha yakarudishwa mahali pake. Yaani hata vioo vilikimbia.

Tulikipeleka kitabu pia kwenye darasa la jioni la watu wazima. Kuna mama mmoja pale ambaye bado yuko kwenye silabi, ba-be-bi. Tulifungua dirisha la utoto wa Yesu, lile la upande wa magharibi, ambalo ni la zamani zaidi na liliokoka ule moto wa 1194. Kabla hatujasema neno aliweka kidole kwenye picha ya punda. "Hawa wanakimbia." Tukamuuliza, umejuaje, mama? Akasema, "Mtoto mchanga kama huyu hutoki naye safari kama hakuna shida."

Kisha akauliza, "Walirudi?"

Tukamsomea Mathayo sura ya 2. Herode alikufa, Yosefu akaambiwa arudi, akachukua mtoto na mama yake. Lakini aliposikia kwamba Arkelao mwana wa Herode ndiye anatawala Uyahudi, akaogopa kwenda huko, akaelekea Galilaya, akakaa Nazareti.

Mama akafikiri. "Kwa hiyo walirudi, lakini siyo pale pale."

Ndiyo, mama. Akatuomba tusome tena hapo pa Arkelao, tukasoma mara mbili, ndipo tukaendelea na silabi.

Kitabu kiko kwenye kabati la shule. Anayetaka kukiona aje Jumamosi mchana, mikono iwe safi, maana ni kimoja tu.