Bata na Kuku Katika Ua Mmoja

Bata na kuku hufugika pamoja, na kaya nyingi za pwani ya Tanzania na Kenya zimezoea kuwaacha wakizunguka uani mchana kutwa, kisha jioni kuwaingiza wote katika banda moja. Sehemu ya kwanza ya desturi hiyo haina dosari kubwa. Sehemu ya pili ndiyo inayoleta vifo ambavyo mara nyingi husingiziwa hali ya hewa. Ndege hawa hukaribiana katika chakula, lakini hutofautiana katika maji, malazi, kupandana, ulezi wa watoto na namna miili yao inavyopokea magonjwa. Ufugaji mzuri wa pamoja ni ule unaojua wapi pa kuwachanganya na wapi pa kuwatenga.

Bata anayeonekana zaidi katika nyua za Afrika Mashariki ni Muscovy, mwenye vinundu vyekundu kuzunguka macho na mdomo. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Bata wengine wa kufugwa, kama Pekin mweupe wa nyama na Khaki Campbell wa mayai, wametokana na bata mwitu wa Ulaya na Asia, ambaye ni jamii nyingine kabisa. Muscovy akipandana na Pekin hupatikana watoto wanaokua vizuri lakini hawazai. Mfugaji anapaswa kujua ana bata wa aina gani, kwa sababu matunzo hutofautiana. Muscovy ana kucha kali, hupenda kudandia, na jike lake huruka hadi juu ya paa. Dume hufikia kilo 5 au zaidi, jike karibu nusu ya hapo. Mayai yake huanguliwa kwa siku 35 hivi, ya Pekin na Campbell kwa siku 28, na ya kuku kwa siku 21.

Kiini cha mambo yote ni maji. Bata hula tonge moja la pumba, akachovya mdomo majini, akarudi kwenye chakula, ndivyo anavyomeza. Pia huzamisha kichwa kizima ili kuosha macho na matundu ya pua. Akikosa maji ya kina hicho, pua huziba kwa chakula kilichoganda na macho huanza kuvimba. Hata hivyo hahitaji bwawa. Beseni lenye kina cha sentimita 12 hadi 15 linamtosha, na Muscovy hupandana nchi kavu bila taabu, ingawa Pekin, kwa uzito wao, hupandana vizuri zaidi majini.

Beseni hilo huwa tope kwa muda mfupi tu. Ndani yake hukusanyika udongo, mabaki ya pumba na kinyesi, na sehemu kubwa ya maji humwagika pembeni. Kinyesi cha bata chenyewe kina majimaji mengi kuliko cha kuku. Bata wachache wakilala ndani ya banda lenye maranda, asubuhi maranda hayo huwa yamelowa, na hapo ndipo kuku huanza kudhurika.

Mfano ulio wazi ni kuhara damu, ugonjwa wa koksidia unaoua vifaranga wengi. Vimelea vya ugonjwa huu hutoka katika kinyesi cha kuku mgonjwa vikiwa bado havijakomaa, wala haviwezi kumwambukiza kuku mwingine papo hapo. Vinahitaji joto, hewa na unyevu kwa siku moja au mbili ili vikomae. Katika maranda makavu vingi hufa kabla ya kufika hapo. Katika maranda yaliyolowa hukomaa kwa wingi. Bata haugui koksidia za kuku, kwa kuwa kila aina ya vimelea hivyo ina ndege wake, lakini ndiye anayeleta unyevu unaovikomaza. Mfugaji huona vifaranga wakihara damu na bata wakiwa wazima, akadhani bata hawahusiki. Zaidi ya hapo, maranda yenye maji hutoa hewa kali ya amonia inayochoma macho na njia ya hewa, na kuku aliyeumia hivyo hupata mafua kwa urahisi.

Dawa ya tatizo hili ni ya ujenzi, wala si ya duka la mifugo. Maji ya bata yawekwe nje ya banda, mahali penye mteremko, juu ya shimo lililojazwa kokoto na kufunikwa kwa wavu imara, ili yanayomwagika yazame chini badala ya kufanya matope. Maji machafu ya beseni yamwagwe kwenye migomba au bustani; ni mbolea nzuri, na ni hasara kuyatupa. Maji ya kuku yawekwe juu ya kichanja ambacho kuku huruka na kutua, huku bata mzito akibaki chini. Jike la Muscovy litafika kichanjani lisipokatwa manyoya marefu ya ubawa mmoja. Kukata ubawa mmoja tu kunatosha, kwa sababu ndege hukosa mizani anapojaribu kuruka.

Usiku kila ndege ana tabia yake. Kuku hupanda kwenye fito, bata wengi hulala chini. Wakiwekwa pamoja, bata hulala wakiangukiwa na kinyesi cha kuku. Tena bata hawatulii gizani kama kuku; huzunguka, hupiga kelele, na huwasumbua kuku wanaoatamia. Njia rahisi ni banda moja lenye ukuta kati na milango miwili, upande wa bata ukipewa nafasi ya mita mraba moja kwa bata watatu. Upande huo usiwe na chakula usiku kama hauna maji, kwa kuwa bata anayekula pumba kavu bila maji huweza kukabwa. Milango miwili ina faida nyingine: kuku hufunguliwa alfajiri, lakini bata hubakizwa ndani hadi saa 3 asubuhi. Bata wengi hutaga kati ya usiku wa manane na asubuhi, na wakitoka mapema mayai huishia vichakani, mikononi mwa nguchiro na kenge.

Kwa chakula, bata na kuku wakubwa wanaweza kula mchanganyiko mmoja wa pumba, mashudu ya alizeti na dagaa. Watoto wao sivyo. Kifaranga cha bata kinahitaji vitamini ya niasini takribani miligramu 55 kwa kilo ya chakula, wakati cha kuku hutosheka na karibu nusu ya kiasi hicho. Mahindi yana niasini, lakini sehemu kubwa imefungamana na viini vingine hivi kwamba ndege hawezi kuitumia. Ndiyo sababu vifaranga vya bata vinavyolishwa pumba za mahindi peke yake hupinda miguu, huvimba vifundo na kushindwa kutembea vikiwa bado vidogo. Dagaa waliosagwa, pumba za ngano na hamira huziba pengo hilo. Chakula cha kuku wa mayai hakifai kwa kifaranga chochote, cha bata wala cha kuku, kwa sababu kalsiamu yake nyingi huharibu figo.

Jambo la kuogopwa zaidi katika chakula ni ukungu. Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa zaidi ya bata mzinga 100,000 kutokana na mashudu ya karanga, na uchunguzi wake ndio uliofichua sumukuvu ya aflatoksini. Vifaranga vya bata vilionekana kuwa vyepesi mno kudhurika na sumu hiyo, hata maabara zikavitumia kuipima katika vyakula. Kuku huvumilia kiasi ambacho bata hakivumilii. Kwa hiyo mahindi yaliyoota ukungu ambayo mfugaji huona aibu kuyala nyumbani, akaona afadhali awape ndege, yatamuulia bata kwanza. Sumu hii haibagui: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Chakula kilichoota ukungu kichomwe moto au kifukiwe.

Madume yanahitaji uangalizi wa pekee. Jogoo hana uume wa kuingiza. Hupandisha kwa kugusanisha tundu lake na la jike. Dume la bata linao, tena mrefu, nalo likikosa majike ya kutosha huwarukia matetea. Tetea aliyepandwa na dume la Muscovy lenye uzito mara tatu ya wake huumia ndani, na wengine hufa. Dume moja lipewe majike manne hadi sita. Dume lililozoea kuku liuzwe au lichinjwe. Kulitenga kwa muda tu hakulibadilishi.

Kuna jambo moja ambalo ndege hawa husaidiana vizuri sana, nalo ni kuatamia. Jike la Muscovy ni mwatamiaji hodari, na mwili wake mkubwa hufunika mayai mengi ya kuku. Mfugaji akitaka yaanguliwe pamoja na ya bata, huyaongeza kiotani siku 14 baada ya bata kuanza kulalia. Kuku naye anaweza kuangua mayai ya bata, hasa ya Pekin, ambao wengi wao wamepoteza tabia ya kuatamia; ila siku 28 ni nyingi kwake, na wapo wanaoacha kiota siku ya 22. Vifaranga vikishatoka vitenganishwe kwa aina. Vya bata hulowesha kila kitu, na cha kuku kikilowa hupigwa na baridi kikafa. Hata cha bata kilichoanguliwa na kuku kisiachwe kuogelea siku za mwanzo, kwa sababu manyoya yake bado hayajapata mafuta ya kuzuia maji.

Faida za bata uani ni za kweli. Hula konokono na viluwiluwi vya mbu, hawachakuri vitalu kama kuku, na yai lao ni zito kuliko la kuku wa kienyeji. Nchini Japani mkulima Takao Furuno alijulikana kwa kulea bata ndani ya mashamba ya mpunga, wakila magugu na wadudu huku wakirutubisha maji.

Faida hizo hazipunguzi hatari ya magonjwa. Virusi vya kideri, kwa jina jingine mdondo, huua karibu kuku wote wa mtaa wasiochanjwa, lakini bata aliyeambukizwa virusi hivyohivyo mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, naye huvitoa kwa kinyesi. Mafua makali ya ndege hufanya hivyo pia kwa baadhi ya aina zake. Januari 2017 Uganda ilithibitisha virusi vya H5N8 katika ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, na vilevile katika bata na kuku wa kufugwa. Bata anayekwenda ziwani au mtoni mchana na kurudi jioni ndiye anayekutana na ndege hao wa porini, kisha analala na kuku. Kipindupindu cha kuku nacho huwaua wote wawili, tena bata kwa ghafla, na ndege aliyepona huendelea kubeba vijidudu vyake.

Kwa hiyo bata mpya atengwe wiki tatu au nne kabla ya kuingizwa uani, hata akiwa mnene na mchangamfu, na bata wa ua wenye kuku wasiachwe kwenda kwenye maji wanakotua ndege wa porini. Kuku wote wapewe chanjo ya kideri. Ile ya I-2, inayovumilia joto, huwekwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Vifo vya ghafla vya ndege wengi viripotiwe kwa afisa mifugo siku hiyohiyo, na mizoga ifukiwe, isiuzwe wala kuliwa. Na mwenye nafasi ya chumba kimoja tu cha kulaza ndege afuge kuku au afuge bata, asifuge wote.