Mafunzo ya mawimbi ya ubongo: mambo ya kujua kabla ya kumpeleka mtoto

Kama mwanao hatulii darasani, hukasirika haraka au hamalizi jambo aliloanza, huenda umeshashauriwa kumpeleka kwenye mafunzo ya mawimbi ya ubongo. Ni tiba isiyotumia dawa, sindano wala upasuaji. Kabla ya kulipia, fahamu inavyofanyika na utafiti unasema nini.

Hufanyikaje?

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Daktari Mjerumani, Hans Berger, aliurekodi umeme huo kwa binadamu mwaka 1924. Kipimo chake, EEG, hutumika hadi leo kuchunguza kifafa.

Katika mafunzo haya, mtaalamu hubandika vihisio vichache kwenye ngozi ya kichwa. Vihisio husoma mawimbi tu, haviingizi umeme kichwani. Mtoto hutazama mchezo kwenye kompyuta. Mawimbi yakifikia kiwango kilichopangwa, mchezo husonga mbele, yasipofikia, husimama. Lengo ni mtoto ajifunze polepole kujituliza. Mara nyingi huhitajika vipindi 30 au zaidi.

Je, inasaidia?

Wazazi wengi husema wameona mabadiliko. Lakini je, yameletwa na mafunzo yenyewe?

Nchini Marekani, watafiti walichukua watoto 144 wa miaka 7 hadi 10 wenye ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na kutotulia. Baadhi walipata mafunzo halisi. Wengine walicheza mchezo ulioendeshwa na mawimbi yaliyorekodiwa awali, si yao. Wazazi na walimu hawakujua nani yuko kundi lipi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa.

Maana yake, watoto walipata nafuu kweli, ila haikutokana na kufundishwa mawimbi. Huenda ilitokana na kuwa na ratiba, kuketi na mtu mzima anayewajali na kusifiwa wanapojitahidi. Hayo unaweza kuyaanza nyumbani leo, bila malipo.

Kabla ya kulipa

• Mpeleke mtoto kwa daktari kwanza. Kukosa usingizi, kutosikia vizuri au kifafa kunaweza kuonekana kama utundu.
• Uliza gharama ya vipindi vyote, si cha kwanza tu.
• Uliza mhudumu amesomea nini, na maendeleo ya mtoto yatapimwaje.
• Jihadhari na anayeahidi kuponya kabisa.
• Usimwachishe mtoto dawa, hasa za kifafa, bila ushauri wa daktari. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege la hatari.

Madhara ya mafunzo haya kwa kawaida ni madogo, kama uchovu au kuumwa kichwa. Hasara kubwa ni fedha na muda ambao mtoto angeutumia kupata msaada uliothibitishwa, kama mafunzo ya malezi kwa wazazi, mpango maalumu darasani, au dawa pale daktari anapoona inafaa.

Ukiambiwa mwanao ni mtukutu au kwamba umeshindwa kumlea, usikate tamaa. Kujituliza hufundishwa, na watoto wengine huhitaji muda zaidi.