Vinara wa wingu: rekodi saba na funzo lake kwa biashara

Kampuni inayotaka kuacha kununua seva na kuanza kukodi huduma za wingu huanza na swali moja: ipi iliyo bora? Rekodi hizi zinaonyesha kwamba kila kinara ana kazi yake na gharama yake.

Mkongwe wa programu za kukodi. Salesforce ilianzishwa San Francisco mwaka 1999, ikikodisha programu ya mauzo inayotumika kupitia kivinjari. Hakuna kusakinisha wala kutunza seva. Kwa ofisi ndogo, huu ndio mlango mwepesi: barua pepe na uhasibu hukodiwa vikiwa tayari.

Mzaliwa wa Afrika. EC2, huduma ya Amazon ya kukodisha seva kwa saa, ilisukwa Cape Town na timu ya Chris Pinkham. Ilipofunguliwa kwa majaribio Agosti 2006, seva ndogo ilikodiwa kwa senti 10 za Marekani kwa saa. Hapa unapewa mashine tu. Programu, ulinzi na masasisho ni juu yako. Asiye na fundi asivutwe na bei peke yake.

Ghala la bei ya chini. Mwaka 2019 Amazon ilifungua Glacier Deep Archive: terabaiti 1 kwa takriban dola 1 kwa mwezi. Lakini faili haifunguki papo hapo. Ukiiomba kwa njia ya kawaida unaweza kusubiri saa 12; kwa njia ya bei poa zaidi, hata 48. Unalipia kuitoa, na ukiifuta kabla ya siku 180 unatozwa kana kwamba ingalipo. Weka humo stakabadhi za miaka iliyopita, si ankara za wiki hii.

Safari ndefu, na aliyerudi. Netflix ilianza kuhamia kwenye wingu mwaka 2008, baada ya hifadhidata yake kuharibika, ikamaliza Januari 2016. Dropbox, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, ilikwenda kinyume: ilihamisha data nyingi za watumiaji kutoka Amazon hadi kwenye mitambo yake, na gharama zikapungua kwa karibu dola milioni 75 katika miaka miwili. Mzigo unaopanda na kushuka hufaa kukodiwa nafasi. Mzigo mkubwa usioyumba huenda ukastahili seva zako mwenyewe. Wengi huchanganya.

Amri iliyogharimu wengi. Februari 28, 2017, fundi wa Amazon alikusudia kuzima seva chache huko Virginia. Alikosea kipengele kimoja cha amri, zikazimika nyingi. S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi faili, ikakwama kwa takriban saa nne. Hata ukurasa wa Amazon wa kutangaza hitilafu haukuweza kusasishwa, kwa kuwa nao ulitegemea S3.

Njia iliyokatika. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na Uganda. Seva za ng'ambo zilikuwa nzima, ila hazikufikika vizuri. Duka linalotegemea wingu lichague programu inayoendelea kuandika mauzo mtandao ukipotea.

Aliyeponea chupuchupu. UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia, una wanachama zaidi ya 600,000. Google ilipouandalia mfumo, kipengele kimoja cha mipangilio kiliachwa bila kujazwa, hivyo huduma ikajiwekea ukomo wa mwaka mmoja. Muda ulipotimia, Mei 2024, mfumo ukafutwa bila mteja kuonywa, na kwa takriban wiki nzima wanachama hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao. Kilichosaidia kuurejesha ni nakala zilizohifadhiwa kando, zikiwemo zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine.

Kwa hiyo bei na umaarufu vifuate baadaye. Kabla ya kusaini mkataba, mwulize muuzaji nakala ya data zako itakaa wapi akaunti ikifutwa, kisha mtake fundi wako airejeshe mbele yako.